Limbuko la Mti wa Kisimani

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuita watu majina yao. Nilisimama mlangoni mwa mahakama, Chake, kisiwani Pemba, nikalitaja jina mara tatu, na aliyekuwa nje akitafuna karanga akaja mbio huku anajifuta mdomo. Nimeita wezi wa kuku, nimeita wajane, nimeita ndugu wa tumbo moja waliokuwa hawatazamani. Kwa hiyo humu sitamtaja mtu hata mmoja. Nimeshiba majina. Tena kisiwa chetu ni kidogo. Ukisema tu "yule mwenye baiskeli ya kijani," watu wameshamjua yeye na babu yake.

Nilichoka kabla ya kustaafu, nisidanganye. Wala si majalada yaliyonichosha, maana majalada huzoeleka, hata vumbi lake huzoeleka. Kilichonichosha ni mikungu ya ndizi. Mtu ana kesi wiki ijayo, leo unamkuta barazani kwako na mkungu wa ndizi, au kuku aliyefungwa miguu. Ukimuuliza vya nini, anakwambia vya watoto. Nami ni karani, siamui kitu, hata hakimu ataandika nini sijui. Lakini kwao wao mlango wa mahakama ndiyo mimi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akivirudisha, kwa sababu mimi nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira harudishi kitu kwa adabu. Mzee mmoja wa Makoongwe alivuka maji na samaki wake baada ya kushinda kesi, baada, si kabla, nikamwambia arudi nao. Mpaka anakufa hakuitikia tena salamu yangu.

Watu wetu husema mkono mtupu haulambwi, na hawasemi kwa ubaya. Kumwendea mtu mikono mitupu kwetu ni aibu. Sheria nayo inasema aibu ni kumwendea na kitu. Hapo katikati ndipo nilipokuwa nimesimama mimi, na hapakuwa na kivuli.

Mara moja nilipokea. Nalisema hili kwa sababu bila hilo mtu hatanielewa kwa nililolifanya baadaye. Lilikuwa pakacha la maembe. Mwanangu alikuwa mgonjwa, mke wangu yuko naye hospitali, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana na mtu mlangoni. Aliyeleta alishinda kesi yake. Angeshinda hata bila ya maembe. Jalada lile nililishika mwenyewe na ushahidi wake ulikuwa mweupe pe. Lakini mwenzake aliyeshindwa alilijua lile pakacha, na tangu siku hiyo akipita mbele ya nyumba yangu, hapa Madungu, alikuwa akitema mate. Hakuwa amedhulumiwa, ila hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwambia hivyo akasadiki. Ningependa kusema nilimkasirikia. Sikumkasirikia, nilimwonea haya.

Nilipostaafu nilidhani nimeachana na hayo yote. Ndipo kesi ya dada yangu ikafika juu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alikuwa akikaa kijijini Ole, katika nyumba ya udongo aliyoachiwa na baba, pembeni ya shamba la mikarafuu. Mikarafuu ile baba aliipanda kwa mkono wake, lakini ardhi ilikuwa ya kaka yake, yaani ami yetu. Kwetu Pemba hilo si jambo geni. Mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, na watu wakaishi vyema mpaka wazee wanapokufa. Wazee walikufa. Mtoto wa ami akasema ardhi ni yake na vyote vilivyosimama juu yake ni vyake, nyumba, mikarafuu, na mdoriani mmoja mkubwa ulio karibu na kisima. Dada akasema ami alikwisha kumpa baba shamba zima, akampa kwa mdomo, mbele ya watu ambao sasa wote wako makaburini.

Wakashitakiana. Mahakama ya kwanza ikampa dada. Ya pili ikampa binamu yetu. Ikabaki ngazi moja tu, ile ya mwisho, mahakama kubwa kuliko zote nchini, ambayo juu yake ni Mungu tu. Kufika huko kulichukua miaka kumi na mmoja. Dada alianza kesi akiwa na mgongo ulionyooka, na ikafika juu akitembea na mkongojo. Akishinda, atafia nyumbani kwake. Akishindwa, ahame, na pa kuhamia hapakuwa na pengine ila kwangu.

Nilikuwa nimeisoma kesi yake yote kuanzia ukurasa wa kwanza. Sikumwambia nilichokiona. Nilichokiona ni kwamba inaweza kwenda huku, inaweza kwenda kule, na kwamba kule, kwa binamu, palikuwa pazito zaidi.

Mahakama ile ilikuja kufanya kikao chake kwetu Pemba, jambo lisilotokea kila mwaka. Orodha ya kesi ilibandikwa ubaoni pamoja na majina ya majaji watatu watakaosikiliza, na mmoja wa watatu hao alikuwa mtoto wa Mwalimu.

Mwalimu ni mwanamke ambaye nusu ya Madungu na watu wengi wa Ole wamesoma Kurani mbele yake. Alikuwa na chuo ukumbini kwake, tukikaa juu ya jamvi, naye na fimbo yake ya mtobwe iliyokuwa inafika mpaka safu ya nyuma bila yeye kunyanyuka. Dada alihitimu kwake, akabaki kumsaidia kufundisha wadogo. Mimi nilisoma pale pamoja na huyo mwanawe ambaye sasa ni jaji, na fimbo ile haikuwa ikimpendelea. Mtoto alikuwa na kichwa, akaenda skuli, akaenda Unguja, akaenda Bara, akapanda mpaka juu. Mama yake alibaki ukumbini kwake.

Habari ya majaji ilifika Ole kabla ya wino kukauka. Binamu yetu alisema barazani, mbele ya watu, kwamba hana haja hata ya kutia shati safi kwenda mahakamani, kwa sababu kesi ya ngedere imepelekewa nyani. Watu wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha kukubali. Dada alipoambiwa hakucheka wala hakukasirika. Aliinua mikono tu, akasema, "Mungu hamtupi mja wake."

Hapo ndipo nilipopanda kwenda Ole kumkanya. Nilimkuta uani anaanika makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nikamwambia, "Dada, wiki hino usende kwa Mwalimu. Usimsalimie, usimtume mtu, usimpigie simu. Jaji huyo ni mwanawe."

"Kwani miye mtoto mdogo?" akasema. "Sendi."

Na hakwenda, wala hakunidanganya.

Jumapili, siku moja kabla ya kesi kusikilizwa, nilitoka msikitini baada ya sala ya alasiri nikapita nyumba ya Mwalimu kama nipitavyo siku zote. Nikaipata harufu nikiwa bado mbali. Doriani halina siri. Mwizi anaweza kuiba ng'ombe akamficha, lakini doriani likipasuliwa nyumba moja, nyumba saba zinajua. Nilisimama njiani. Nilitaka kupita, na laiti ningepita, lakini Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni, na kwetu hupiti mbele ya mwalimu wako ukajifanya humwoni.

"Karibu, baba. Umechelewa," akasema. "Mwanangu kaja kunitazama asubuhi, kala nyama ya kokwa tatu hapa nilipokaa, kisha kaondoka zake. Kwa hamu! Huko Bara hawana kitu kama hiki."

"Limetoka wapi, Mwalimu?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikiikosea sura niliyoisoma jana. "Litoke wapi? Si limbuko la dada'ko! La mti wa kisimani. Kaniletea yule bwana wa mihogo kwa baiskeli tangu juzi, nami nikasema nalimngojee mwanangu."

Akanikatia kipande. Nilikipokea, nikakishika mkononi, na sikuweza kukila.

Huu mti wa kisimani ulikuwa katika jalada. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wameuandikia kurasa nne, nani aliupanda, nani alikuwa akiokota matunda yake. Jaji atakayeamua mti ni wa nani alikuwa amekula tunda lake kabla hajasikia neno moja, kwa mama yake, kwa mkono wa mama yake, kutoka kwa mwenye kesi.

Nilikwenda Ole saa ile ile. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashangaa kikwelikweli.

"Hilo limbuko," akasema. "Hilo si zawadi. Miaka arubaini nampelekea Mwalimu doriani la mwanzo kuanguka, tangu sijaolewa. Limeanguka Ijumaa, nikalitia pakachani. Ulitaka nile miye kabla yake?"

Ndivyo ilivyokuwa, na hakukuwa na hila ndani yake hata chembe. Ningemwambia asipeleke nyama, asipeleke halua, asipeleke karafuu, angefuata. Limbuko halikumpitia akilini kama ni kitu mtu anachoweza kukataza. Ni haki ya mwalimu, kama ilivyo haki ya kaburi kufukiwa. Na mimi, karani mzima, niliyekwenda kumkanya asende, asitume salamu, asipige simu, nami pia sikulikumbuka limbuko. Nimekula malimbuko ya mti ule tangu utoto. Niliyahesabu kuwa sehemu ya msimu, kama mvua.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mwenye baiskeli. Mwalimu. Weye na miye."

"Basi nyamaza."

"Dada."

"Nyamaza, nakuomba." Alikaa juu ya gogo, mkongojo akauweka mapajani. "Hukumu ya pili wamenipokonya, sikulia. Nshazeeka. Jaji mwenyewe hajui kala doriani la nani. Hapana aliyemhonga. Niache nami nishinde, hata kama ni kwa doriani."

Sijawahi kuchoka maishani mwangu kama nilivyochoka dakika ile. Aliyekuwa akiniomba ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa. Nilijua akilini mwangu kwamba yule jaji pengine angempa haki kwa sheria tupu, doriani au bila doriani. Lakini nilijua pia kwamba mwenye baiskeli ana mdomo, na hata akinyamaza yeye, harufu ilikwisha kupita nyumba saba. Binamu yetu angeisikia. Tangu siku hiyo, dada angekaa katika nyumba yake juu ya mikarafuu yake, na kila mtu wa Ole akipita angesema moyoni, doriani limefanya kazi. Na si Ole tu. Ile ni mahakama ya mwisho. Ukishaacha kuiamini hiyo, huna tena pa kupeleka shauri lako ila kwenye panga. Nikamkumbuka yule bwana aliyekuwa akitema mate mlangoni kwangu.

"Siwezi," nikasema.

Akauchukua mkongojo mapajani. "Umekuwa karani wa serikali maisha yako yote," akasema, "leo unakuja kuwa hakimu kwangu miye?"

Nikaondoka. 

Kumwendea jaji mwenyewe sikuweza, kwa sababu hilo nalo lingekuwa kosa: ndugu wa mwenye kesi kuonana na jaji faraghani, hata kama ni kwa kusema kweli. Kazi yangu ilinifundisha njia ni moja. Jumatatu asubuhi na mapema nilimpelekea msajili barua ya nusu ukurasa, niliyoiandika kwa mkono, na nakala mbili, moja kwa wakili wa dada na moja kwa wakili wa binamu yetu. Niliandika doriani, mti, siku, na mlango uliopokea. Sikuandika kwamba naona uchungu. Wakili wa dada alipoisoma alinivuta pembeni akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia zilikuwa timamu jana.

Mahakama ilijaa. Watu wa Ole walikuja na nguo za sikukuu, binamu yetu naye, shati safi kabisa. Dada alikaa benchi la mbele. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango, mahali nilipokuwa nikisimama zamani. Karani kijana aliyechukua nafasi yangu akapaza sauti, tukasimama, majaji watatu wakaingia. Yule wa katikati, kiongozi wa jopo, akasema kuna jambo ambalo mwenzake anataka kulisema kabla ya rufaa kusikilizwa.

Mtoto wa Mwalimu alivua miwani. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia.

"Jana nilikwenda kumwamkia mama yangu," akasema. "Alinipa doriani, nikala. Sikuuliza limetoka wapi, kwa sababu kwa mama yangu sijawahi kuuliza chakula kimetoka wapi. Leo nimejulishwa kwamba lilitoka katika mti unaogombaniwa mbele yetu."

Kicheko kikapasuka nyuma, neno doriani mahakamani likiwa limewashinda watu. Kiongozi wa jopo aligonga meza. Yule jaji akangoja mpaka pakatulia, wala hakuonyesha kuudhika.

"Sioni kama kuna mtu aliyekusudia ubaya," akaendelea. "Najua limbuko ni nini, mimi pia ni wa hapa. Wala sidhani kama kokwa tatu zingenigeuza. Lakini mimi siye wa kuaminiwa katika hilo. Mmoja kati ya hawa wawili atarudi nyumbani ameshindwa, na hapana wa kumpelekea malalamiko baada yetu. Asirudi akiwa anafikiria nilichokula. Kosa la kutouliza ni langu, si la mama yangu wala la aliyeleta. Najitoa."

Akanyanyuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Majaji wawili hawatoshi. Rufaa ikaahirishwa mpaka kikao kingine, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kitakuwa lini. Nilimtazama binamu yetu. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, maneno ya kusema akishindwa, na sasa hakuwa na pa kuyaweka. Alikaa vile vile, mikono magotini, hata baada ya watu kuanza kutoka.

Dada alipita mbele yangu na mkongojo wake. Hakuniangalia.

Kikao kingine kilikuja baada ya mwaka na kitu, ng'ambo, Unguja, kwa majaji watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma kwa Mwalimu. Dada hakuweza kusafiri. Alikwenda wakili. Hukumu ilisomwa asubuhi, na mimi ndiye niliyepelekwa Ole kumwambia, kwa sababu kazi za namna hiyo hazikosi mwenyewe. Ardhi ni ya binamu, na vilivyo juu yake vinaifuata ardhi. Kumpa mtu shamba kwa mdomo, mbele ya mashahidi waliokwisha kufa, hakukutosha.

Alikuwa uani. Aliuliza, "Hata mti wa kisimani?"

"Hata huo."

Binamu yetu alimpa muda mpaka karafuu za msimu zimalizike kuchumwa, na hilo sitamnyima, alilifanya kiungwana. Dada akahamia kwangu, na sanduku moja na jamvi lake la kuanikia ambalo halikuwa na kazi tena. Alinisemesha yale ya lazima tu. Chakula tayari. Maji yamekatika. Kuna mtu mlangoni. Mke wangu akawa daraja baina yetu, na daraja lile nalo lilikuwa na uchovu wake.

Siku moja alikuja jirani wa Ole kumpa pole. Akakaa, akanywa chai, akaanza kama wanavyoanza watu wetu. "Wamekudhulumu, bibi. Hao wakubwa wameshakula chao. Mahakama za huko juu ni za wenye nacho."

Nilikuwa chumba cha pili, nikaacha nilichokuwa nikifanya. Nilidhani atamkubalia. Mimi mwenyewe, katika uchovu wangu, ningemkubalia.

"Hapana," dada akasema. "Hawakula kitu. Aliyekula alitoka akasema, kadamnasi ya watu. Hawa wamenipima wakaniona sina haki. Miye nasema n'nayo, ntasema hivyo mpaka naingia kaburini. Lakini hawakuhongwa, na weye usende ukasema wamehongwa, ukanitia uwongo mdomoni."

Yule jirani akamaliza chai yake haraka. Mimi nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima, kwa kuchoka na kwa jambo jengine nisilolijua jina lake.

Sasa niseme la Mwalimu, kwa sababu bei ya yote haya nusu yake aliilipa yeye. Mwanawe alimwambia siku ile ile: mama, maadamu mimi niko kazini, usipokee kitu kwa mtu yeyote, wala wa mbali wala wa karibu. Hawezi kujua nani ana kesi na nani atakuwa nayo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Mwalimu akatii, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha mwana kutii. Watu wakajua. Mwanzo walikuja mikono mitupu, kisha wakaona haya kuja mikono mitupu, kisha wakaacha kuja. Sikukuu mbili zilipita bila sahani hata moja kuvuka mlango wake. Nilipokuwa nikipita baada ya alasiri nilimwona amekaa pale pale, na macho yake yanakutazama kwanza mikononi, kisha usoni. Alikuwa haombi kitu. Alikuwa anaangalia kama ataweza kukukaribisha.

Dada alikuwa akiyaona hayo pia, maana sasa alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Hakwenda. Nilidhani ni kinyongo.

Msimu wa madoriani ukaingia tena. Asubuhi moja dada akavaa buibui lake, akamwambia mke wangu anakwenda sokoni. Akarudi na doriani moja ndani ya mfuko, anahema, kisha akasimama mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniamuru kitu tangu ahamie.

"Nichukulie hili. Twende kwa Mwalimu."

"Dada, kakatazwa."

"Najua kakatazwa. Chukua."

Nikachukua. Mwalimu alikuwa mlangoni. Alituona, akaliona doriani, na kabla hatujafika akainua mkono. "Msiingie nalo, wanangu. Mwanangu yungali kazini. Kanambia nisipokee kitu cha mtu."

Dada alikaa chini kwenye kizingiti, taratibu, na mkongojo wake, kama alivyokuwa akikaa zamani kusubiri zamu yake ya kusoma.

"Mwalimu," akasema, "kesi yangu imekwisha. Nimeshindwa. Shamba sina, nyumba sina, mti wa kisimani si wangu tena. Hili nimelinunua sokoni. Hapana mahakama nyengine juu ya ile. Miye sina tena nnachokitaka kwa mwanao, wala sitakuwa nacho."

Mwalimu akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima sheria.

"Hata rufaa?" akauliza.

"Hata rufaa, Mwalimu. Pale ndipo mwisho."

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema kuna kisu jikoni, mtu akalete. Nilikwenda kukileta mimi. Dada akalipasua, akamwekea Mwalimu kokwa ya kwanza kiganjani, naye akaila akiwa amefumba macho, akasema si tamu kama la mti wa kisimani. Dada akasema ndiyo, silo. Kisha akachukua kokwa ya pili, akanyoosha mkono kwangu bila ya kunitazama, akaushikilia pale mpaka nilipopokea.